Dhamana ya fedha kwa barabara za viwanja vipya: kiasi gani, ya aina gani, na inarudi lini

Swali: Mimi na shemeji yangu tumenunua shamba huku Pennsylvania, tunataka kuligawa viwanja 18 vya nyumba. Mpango wa mwisho uko mbele ya halmashauri ya mji, nao wanadai dhamana ya fedha kabla ya kusaini ramani. Mkandarasi wetu ametupa bei ya dola 640,000 kwa barabara, mabomba na bwawa la maji ya mvua. Mhandisi wa mji anasema ni dola 790,000, na juu yake asilimia 10. Isitoshe, wanataka barua ya dhamana, yaani ahadi ya benki kulipa tukishindwa, kutoka benki wanayoitumia wao. Je, tuna la kufanya? Na dhamana hiyo tutaachiwa lini?

Jibu: Mnalo la kufanya, tena kubwa, ila wakati wake ni sasa kabla mkataba wa dhamana haujasainiwa. Mkishasaini, kila mnachotaka kubadilisha kitakuwa ni kuomba hisani.

Kwanza jueni halmashauri inapiga hesabu gani. Inajiuliza jambo moja tu: hawa wawili wakitoweka kesho, kuimalizia barabara yao bila wao kutatugharimu kiasi gani? Swali hilo ndilo linalozaa kila kitu: kiasi cha dhamana, maneno ya barua ya benki, hata ugumu wa kuachia fedha. Hofu yao ina historia. Soko la nyumba lilipoporomoka kati ya 2007 na 2009, sehemu nyingi za Marekani zilibaki na vitongoji vya nusunusu, vyenye nyumba chache zilizokaliwa, barabara isiyo na lami ya juu na bwawa lililojaa tope. Dhamana ilipokuwa ndogo au imekwisha muda, mzigo uliwaangukia waliokwisha kununua nyumba, watu ambao hawakuwa na kosa lolote. Mkiingia kikaoni mkilijua hilo, mtasikilizana na mhandisi upesi zaidi.

Kinachowaongoza ninyi na wao ni Sheria ya Mipango ya Manispaa ya Pennsylvania, yaani Sheria namba 247 ya 1968, vifungu vya 509 hadi 511. Majimbo mengine yana viwango vyao: New Jersey huenda hadi asilimia 120 ya gharama, California hudai kati ya asilimia 50 na 100 kwa utekelezaji, na dhamana nyingine ya kuwalipa mafundi na wauza vifaa. Kwa hiyo msikubali kuelekezwa na rafiki aliyejenga jimbo jingine.

Kabla ya kiasi, jiulizeni kama mnaihitaji dhamana yenyewe. Sheria inatoa njia mbili. Ya kwanza ni kujenga miundombinu yote, kukaguliwa, halafu ramani isainiwe. Ya pili ni kuweka dhamana badala ya kujenga kwanza, ramani ikasajiliwa, na viwanja vikaanza kuuzwa. Mwenye fedha taslimu za ujenzi na asiye na haraka ya kuuza anaweza kuchukua ya kwanza akaepuka ada zote za benki. Wengi hawawezi, kwa sababu mkopo wao unasubiri mauzo ya viwanja vya mwanzo. Ipo pia njia ya katikati, nayo ni kugawa mradi kwa awamu. Viwanja 10 kwanza, 8 baadaye, na dhamana ya awamu ya kwanza peke yake. Lakini awamu hiyo lazima isimame yenyewe. Bwawa linalopokea maji yake litaingia lote hata kama linahudumia viwanja vyote 18, na barabara ikikomea katikati mtatakiwa kujenga sehemu ya muda ya kugeuzia magari ya zimamoto na taka.

Sasa zile tarakimu mbili. Bei ya mkandarasi wenu, hata iwe ya kweli namna gani, haina nguvu kisheria katika jambo hili. Kinachotakiwa ni makadirio yaliyoandaliwa na mhandisi mwenye leseni ya Pennsylvania, mliyemchagua ninyi, akithibitisha kwa saini yake kwamba ni gharama ya haki. Halmashauri inaweza kuyakataa kwa ushauri wa mhandisi wake, lakini kwa sababu ya msingi. Mkishindwa kuafikiana, sheria inawapa mhandisi wa tatu mtakayemchagua pamoja. Anakokotoa upya, makadirio yake ndiyo ya mwisho, na ada yake mnagawana nusu kwa nusu. Ni nadra kufika huko. Mara nyingi kutaja tu kwamba njia hiyo ipo huwarudisha wahandisi wawili mezani.

Wakikaa mezani, waambieni walinganishe mstari kwa mstari, maana tofauti ya dola 150,000 huwa na sababu zinazoshikika. Mkandarasi wenu amepiga hesabu akiwa tayari yuko eneo la kazi na mitambo yake, akichimba barabara na misingi kwa pamoja. Mhandisi wa mji amepiga hesabu ya mkandarasi mgeni aliyepatikana kwa zabuni, analeta mitambo upya na anakuta kazi ya mtu mwingine iliyoachwa njiani. Mara nyingi ameweka pia viwango vya mishahara vya kazi za umma. Hapo yuko sahihi, na msipoteze nguvu kubishana naye.

Mahali pa kubishana ni kwenye mambo yaliyohesabiwa mara mbili. Mabomba ya maji safi na maji taka yakiwa yatamilikiwa na kampuni ya huduma au mamlaka ya maji iliyo tofauti na halmashauri, dhamana yake huwekwa kwa mamlaka hiyo kwa masharti yake, na sheria inasema wazi isijumuishwe katika dhamana ya halmashauri. Tuseme humo mna mabomba ya maji ya dola 70,000 ambayo mamlaka nayo inayadai. Yakiondolewa, 790,000 inashuka hadi 720,000. Hiyo asilimia 10 ya juu haiepukiki: dhamana ni asilimia 110 ya gharama, nayo hukadiriwa kama itakavyokuwa siku 90 baada ya tarehe mliyopanga kumaliza. Kwa hiyo 720,000 inakuwa 792,000, badala ya 869,000 waliyokuwa wakiielekea.

Tarehe ya kumaliza iwekeni ya kweli. Kazi ikizidi mwaka mmoja tangu dhamana iwekwe, halmashauri ina haki ya kuongeza asilimia 10 kwa kila mwaka wa ziada, au kukadiria upya gharama ya kazi iliyobaki na kuchukua asilimia 110 yake. Andikeni katika mkataba kwamba itatumika njia ya pili. Kufikia mwaka wa pili sehemu kubwa huwa imekwisha jengwa, na kukadiria kilichobaki kunawafaa kuliko kuongeza asilimia kimyakimya.

Kinachoamua mtaachiwa lini ni orodha yenyewe ya kazi na bei. Tazameni mstari kama huu: "Mfumo wa maji ya mvua, jumla, dola 160,000." Mstari huo ni mtego. Mkishalaza robo tatu ya mabomba, mhandisi hana kipimo cha kuachia robo tatu, basi ataachia sifuri mpaka mfumo mzima ukamilike. Uvunjeni: bomba la inchi 18, futi kadhaa kwa bei ya futi moja, bomba la inchi 24, vivyo hivyo, chemba, idadi na bei ya kila moja, visanduku vya kupokea maji barabarani, mdomo wa kutolea maji na mawe yake, bwawa, mkigawa uchimbaji, ukuta, kifaa cha kupunguzia maji na nyasi. Barabara itenganisheni kwa matabaka: kushindilia udongo, kokoto kwa tani au yadi za mraba, lami ya chini, lami ya juu, kingo za zege kwa futi. Na kama kuna barabara mbili, kila moja iwe na mistari yake. Msisahau vitu vidogo vinavyochelewesha mwisho, yaani bikoni za mipaka, miti ya barabarani, vibao, taa na michoro ya kazi iliyokamilika. Visipokuwa na bei yake, mhandisi anaweza kuvishikia kiasi kikubwa kuliko thamani yake.

Kuhusu benki, hapo halmashauri imevuka mpaka. Taasisi ya kuweka dhamana mnaichagua ninyi, mradi imeruhusiwa kufanya shughuli hiyo Pennsylvania. Barua isiyobatilishika ya benki iliyosajiliwa na serikali ya jimbo au ya shirikisho, na akaunti yenye masharti katika benki kama hiyo, sheria inazitambua moja kwa moja kuwa zinakubalika. Aina nyingine zinahitaji ridhaa ya halmashauri, nayo haipaswi kuinyima bila sababu ya maana. Wajibuni kwa barua fupi ya heshima inayotaja kifungu cha 509. Wakili wa mji atalielewa mara moja.

Katika aina hizo, mngenieleza zaidi hali ya mkopo wenu ningeweza kuwa mahususi. Ila haya ndiyo ya kupima. Barua ya dhamana ya benki ndiyo halmashauri huipenda, kwa sababu benki hulipa kwa kuonyeshwa hati bila kuuliza nani ana haki. Kwenu ina ada ya kila mwaka na, kibaya zaidi, hula nafasi yenu ya kukopa: benki iliyowapa barua ya 792,000 inahesabu kama imewakopesha kiasi hicho. Dhamana ya kampuni ya bima huacha nafasi ya mkopo wazi, na ada yake kwa kawaida huwa kati ya asilimia 1 na 3 kwa mwaka kulingana na uwezo wenu. Kwa asilimia 2 mtalipa dola 15,840 kila mwaka hadi iachiwe. Msidanganywe na jina. Kampuni ikilipa itawadai ninyi mpaka senti ya mwisho, na karibu kila mara itataka ninyi wawili na wake zenu msaini kudhamini kwa mali binafsi. Hapo kaeni kwanza kama familia kabla ya kushika kalamu.

Akaunti yenye masharti ndiyo huwa nafuu kwa mtu mwenye mkopo wa ujenzi. Fedha za barabara ambazo benki ingewatolea kwa awamu hutengwa, na mkataba wa pande tatu unasema hazitoki bila saini ya halmashauri. Hamlipi ada ya kitu cha pili juu ya mkopo. Sharti lake moja halina mjadala: mkataba uiruhusu halmashauri kuzichukua fedha hizo hata kama ninyi mmeshindwa kulipa mkopo. Bila kifungu hicho wakili wa mji ataikataa, na atakuwa na haki, kwani anayeshindwa kujenga barabara mara nyingi ndiye huyohuyo aliyeshindwa kulipa benki.

Mkichagua barua ya benki, isomeni neno kwa neno. Barua isiyo na tarehe ya kuisha, chini ya Sheria ya Pamoja ya Biashara (UCC), hufa mwaka mmoja baada ya kutolewa. Ikiandikwa kuwa ni ya kudumu, hufa baada ya miaka mitano. Ndiyo maana huandikwa ya mwaka mmoja inayojirefusha yenyewe, isipokuwa benki itoe taarifa, tuseme siku 60 kabla, kwamba haitairefusha. Taarifa hiyo ikitoka, halmashauri huruhusiwa kuchukua fedha zote kabla barua haijafa. Ni haki yake, ila ongezeni sentensi moja: fedha zilizochukuliwa kwa sababu hiyo tu ziwekwe kwenye akaunti maalumu badala ya dhamana, na zirudi mkileta barua mpya. Kuchukua kwa sehemu kuruhusiwe pia, ili deni la bikoni za dola 4,000 lisiwe sababu ya kudai laki kadhaa. Na jina la mpango, namba ya ramani na jina la kampuni yenu vifanane kabisa na mkataba. Benki hulinganisha hati herufi kwa herufi, na jina lililokosewa huwa kisa cha kukataa, jambo ambalo halmashauri italigundua siku mbaya kabisa.

Kuna hatua inayowasaidia katika foleni hii ya karatasi. Mnaweza kuiomba halmashauri azimio lililosainiwa linalosema mpango umekubaliwa kwa sharti la kuleta dhamana. Benki nyingi haziandai barua bila karatasi hiyo. Lina uhai wa siku 90. Mkataba usiposainiwa ndani ya hizo, linabatilika, labda liongezwe kwa maandishi. Liombeni pale benki inapokuwa imeshakubali kimsingi, si mapema.

Fedha zinarudi hivi. Kazi inavyoendelea, mnaiandikia halmashauri kuomba kuachiwa thamani ya kilichojengwa. Ina siku 45 tangu ilipopokea ombi kumfanya mhandisi wake athibitishe. Siku hizo zikipita kimya, inahesabiwa imekubali. Tumeni kwa posta ya rejista ili tarehe ya kupokea isibishaniwe, na nakala kwa mhandisi. Ambatisheni orodha ileile ya bei yenye safu mbili mpya, kilichokamilika na kilichobaki, pamoja na stakabadhi za tani za lami na kokoto, majibu ya vipimo vya kushindilia, na tarehe za ukaguzi. Mkiwa mmemaliza kazi za dola 400,000, dhamana ya 792,000 inashuka hadi 392,000, ambayo ni kazi iliyobaki ya 320,000 na ile akiba ya 72,000. Asilimia 10 hiyo ya makadirio halmashauri inaweza kuishikilia mpaka mwisho, basi msiiingize katika mipango yenu ya malipo.

Maombi hukwama zaidi kwa kilichofukiwa kuliko kwa kilichoonekana. Mabomba yakifunikwa kabla mkaguzi hajayaona, mhandisi hawezi kusaini. Mtachimbua, au mtalipia kamera ipitishwe ndani. Mpigieni mkaguzi kabla ya kufukia, hata kama mkandarasi ananung'unika kwamba mtaro utajaa maji. Pia kumbukeni kuwa azimio la halmashauri peke yake halipunguzi barua. Benki inahitaji ridhaa ya halmashauri kwa maandishi, kisha itoe marekebisho. Mpaka hapo ada inaendelea kuhesabiwa kwa kiasi cha zamani.

Sehemu mbili ndizo hushikilia dhamana kwa miaka. Ya kwanza ni lami ya juu. Haimwagwi mapema, maana malori ya zege na mbao yataibomoa, kwa hiyo husubiri nyumba nyingi ziishe. Katika kusubiri huko, mifuniko ya chemba huwa imewekwa kwa kimo cha mwisho, na kama lami ya juu ni inchi moja na nusu, kila mfuniko unasimama inchi moja na nusu juu ya barabara. Gari la kukwangua theluji likipita usiku, kisu chake kinaugonga, pete ya juu inahama, maji yanaingia ubavuni, na kufikia majira ya kuchipua kuna shimo kuzunguka chemba. Wekeni mifuniko chini, sawa na lami ya muda, yaani ile ya chini, mje kuinyanyua wiki ya kumwaga lami ya juu. Visanduku vya maji kando ya barabara navyo vina kasoro hiyohiyo: mdomo ukiwa juu kuliko lami ya muda, maji hayaingii, yanatuama na kuozesha msingi.

Ya pili ni bwawa. Wakati wa ujenzi hutumika kunasa tope. Ili likubalike linatakiwa kugeuzwa kuwa la kudumu: tope litolewe, kifaa cha muda cha kutolea maji kiondolewe, nyasi ziote, na vipimo vilinganishwe na mchoro. Ikiwa limebuniwa kunyonya maji ardhini, mitambo mizito isikanyage sakafu yake hata siku moja, kwani udongo ulioshindiliwa haunyonyi tena, na kuufukua huwa ghali kuliko kulichimba bwawa lenyewe. Na kwa kuwa mtachimbua zaidi ya ekari moja, kibali chenu cha maji ya mvua kina taratibu zake za kufungwa. Anzeni kuzifuatilia mapema, zisije zikawa ndizo mnazosubiri peke yake.

Kuhusu wanunuzi wenu: dhamana ikishawekwa, halmashauri hairuhusiwi kuzuia vibali vya kujenga nyumba eti kwa sababu barabara haijaisha. Kibali cha kuhamia nacho hakizuiwi ikiwa barabara imefikia hali ya kupitika daima bila matope, na yale mengine ambayo nyumba inayahitaji ili ikalike yamekamilika. Lakini barabara isiyokabidhiwa bado ni yenu. Theluji ni yenu, mashimo ni yenu, na hilo liandikeni katika mkataba wa mauzo, ili mama mwenye mtoto mchanga asikae akisubiri gari la mji ambalo haliji.

Mkishindwa kumaliza, halmashauri itatumia dhamana kujenga, na sheria inaifunga isizitumie fedha hizo kwa shughuli nyingine yoyote. Zisipotosha, inaweza kuwashtaki kwa tofauti. Kumbukeni pia kuwa kwa Pennsylvania dhamana hii ni ya halmashauri. Fundi asiyelipwa haendi kuidai huko, atawafuata ninyi.

Kazi yote ikiisha, tumeni taarifa ya kukamilika kwa posta ya rejista, nakala kwa mhandisi. Halmashauri ina siku 10 kumwagiza akague, mhandisi ana siku 30 kutoa ripoti, kisha halmashauri siku 15 kuwajulisha. Ikizembea muda huo, kazi huhesabiwa imekubaliwa. Ikikataa kitu, lazima iseme ni kipi na kwa nini, nanyi mnakirekebisha na kuanza tena utaratibu huohuo kwa hicho tu.

Halmashauri ikishapokea barabara, inaweza kudai dhamana ya kipindi cha matazamio, yaani muda wa kutazama kama kazi itadumu bila kuharibika. Haizidi asilimia 15 ya gharama halisi ya vitu ilivyovipokea, wala miezi 18. Kwa gharama halisi ya dola 700,000 hiyo ni 105,000. Wekeni barua mpya badala ya kuipunguza ya zamani, ili ile ya kwanza ifungwe kabisa. Mwezi mmoja kabla ya mwisho wa matazamio, tembeeni na mhandisi barabara nzima mkiwa na orodha mkononi, zibeni nyufa, nyanyueni kingo zilizozama. Halafu daini barua halisi irudishwe benki kwa mkono. Bila karatasi ile, au tamko la halmashauri kwamba imeiachia, barua inaweza kuendelea kujirefusha na ada kuendelea kutozwa kwa barabara ambayo si yenu tena.